Picha, Kikao na Lugha: Ponografia na Kaida za Rika katika Mtazamo wa Vijana wa Kiume kwa Wanawake, Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Ponografia inapozungumzwa nchini Kenya, aghalabu huzungumzwa kwa sauti mbili. Kuna sauti ya mimbari, inayoiona picha ya ngono kuwa sumu: kijana akiionja tu, ameharibika. Kuna pia sauti ya anayejihesabu kuwa mtu wa kisasa, ambaye kwake picha hiyo ni starehe ya faragha isiyomdhuru yeyote. Sauti hizi hugombana sana, lakini zinakosea mahali pamoja. Zote humchukulia kijana kana kwamba amekaa peke yake na simu yake. Kijana wa Garissa hakai peke yake. Ana kikao: wenzake wa mtaa, wa bweni, wa kituo cha bodaboda, wa meza ya chai ya maziwa. Makala haya yanadai kuwa picha haimfundishi kijana namna ya kumwona mwanamke mpaka ipite katika kikao hicho, ambako hupewa tafsiri, maneno na idhini. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Kiswahili na Sheng, suala hili haliwahusu wanasaikolojia na mashekhe pekee. Linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili pia.

Ponografia hapa ina maana ya picha, filamu au maandishi yanayoonyesha ngono waziwazi kwa nia ya kuamsha ashiki. Kiswahili kimeipa majina kadhaa, na majina yenyewe yanastahili kutazamwa. "Picha chafu" ni jina linalohukumu. "Picha za ngono" ni jina linaloeleza. Katika misimu ya mjini Tanzania yamekuwapo pia matumizi ya neno "pilau", na hili halihukumu wala halielezi, linakaribisha karamu. Tutaona mbele kwamba sitiari ya chakula haikuingia hapo kwa bahati.

Eneo linaloshughulikiwa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa pamoja Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mfumo wa kaunti ulipoanza kazi mwaka 2013. Mji wa Garissa, ulio kando ya Mto Tana, ni mji wa Wasomali kwa wingi wa watu, wa Kiislamu kwa dini, na wa lugha nyingi kwa biashara: soko la mifugo, maofisi ya serikali, shule za bweni, na tangu 2011 taasisi ya elimu ya juu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Garissa. Kisomali ni lugha ya nyumbani, Kiarabu ni lugha ya ibada, Kiingereza ni lugha ya darasa, na Kiswahili, pamoja na ndugu yake Sheng, ni lugha ya barabara.

Kabla ya Simu

Ni rahisi kuilaumu intaneti kwa kila jambo. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, bei ya data ikashuka, simu zenye skrini kubwa zikaenea. Kabla ya hapo palikuwa na vibanda vya video, kanda, kisha diski, kisha kadi za memori zilizojazwa nyimbo na filamu dukani kwa fundi wa simu. Historia hii ni ya kweli, lakini haitoshi kueleza dharau na ukatili dhidi ya wanawake, kwa sababu ukatili huo ni mkongwe kuliko vyombo hivyo vyote.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais wa Kenya mwezi Mei 2013, ilirekodi ubakaji miongoni mwa maovu yaliyotendwa wakati wa operesheni za usalama za Bulla Karatasi mjini Garissa mwaka 1980 na Wagalla, karibu na mji wa Wajir, mwezi Februari 1984. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991 kuwapokea waliokimbia vita vya Somalia, wanawake waliotoka kwenda kuokota kuni walibakwa vichakani na watu wenye silaha, mambo yaliyoandikwa na mashirika ya haki za binadamu mwaka 1993. Baadaye, mwaka 1998, ulianzishwa mpango wa kuwagawia wakimbizi kuni ili wanawake wapunguze safari hizo. Askari wa 1980 na jambazi wa 1993 hawakuwa na simu mfukoni. Walichokuwa nacho ni wenzao pembeni, silaha, na hakika kwamba hakuna atakayewauliza.

Nje ya eneo hili, fasihi simulizi ya pwani ina ushahidi wa zamani zaidi. Siti binti Saad wa Unguja aliimba wimbo wa "Kijiti" kuhusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyebakwa na kuuawa. Mtuhumiwa alitoroka, na waliofungwa ni wanawake waliotoka naye matembezini. Wimbo huo ni wa enzi ya santuri. Hukumu ya kumwuliza mwanamke alikwenda kutafuta nini, na kumsahau aliyemuua, haikuletwa na filamu yoyote ya ngono. Basi swali la maana haliwezi kuwa iwapo ponografia ilizaa dharau. Swali ni hili: inaikuta dharau iliyopo katika hali gani, na inaifanya nini?

Utafiti Unasema Nini

Mwaka 1982 Dolf Zillmann na Jennings Bryant walichapisha matokeo ya jaribio lao na wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Kwa wiki sita baadhi ya wanafunzi walionyeshwa filamu nyingi za ngono, wengine chache, wengine hawakuonyeshwa kabisa. Baadaye walipoulizwa mbakaji wa kisa fulani afungwe muda gani, waliotazama filamu nyingi walipendekeza kifungo kifupi zaidi. Jaribio hili lilinukuliwa kila mahali, na lilipingwa pia. Edward Donnerstein, Daniel Linz na Steven Penrod walieleza mwaka 1987 kuwa hatari kubwa imo katika ukatili unaoonyeshwa, hasa pale mwanamke anapoonyeshwa akiufurahia, kuliko katika uwazi wa ngono wenyewe. Mwaka 2010 Gert Martin Hald, Neil Malamuth na Carlin Yuen walikusanya tafiti zilizofanywa nje ya maabara, wakakuta kwamba utazamaji wa ponografia unahusiana na mitazamo inayounga mkono ukatili dhidi ya wanawake, na uhusiano huo huwa na nguvu zaidi filamu zinapokuwa za ukatili.

Msomaji wa fasihi asiyezoea takwimu akumbuke kwamba uhusiano si usababishi. Huenda mwenye dharau ndiye anayezitafuta filamu za dharau. Na hapa utafiti mmoja unafaa kutazamwa kwa makini. Malamuth, Tamara Addison na Mary Koss walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa wanaume wengi, kutazama mara kwa mara hakukuambatana na tofauti kubwa ya ukatili. Tofauti kubwa ilionekana kwa wale waliokwisha kuwa na uhasama kwa wanawake na mazoea ya kuiona ngono kama mashindano. Kwa maneno ya mkulima, mvua ni ileile. Kinachoota hutegemea mbegu iliyokwisha kufukiwa.

Nani hufukia mbegu? Nyumba hufukia, na shule, na vita. Lakini kwa kijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini na tano, mkono ulio karibu zaidi ni wa rika.

Kikao

Nadharia ya kaida za rika ina matawi mengi; mawili yanatosha hapa. La kwanza ni la Walter DeKeseredy wa Kanada, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kueleza jinsi marafiki wa kiume wanavyompa mwenzao msaada wa kumdhulumu mwanamke: humpa maneno ya kujitetea, humcheka akikataliwa, humsifu akilazimisha. La pili ni la Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walioonyesha mwaka 1986, kwa kuanzia na ulevi wa wanafunzi, kwamba watu hukosea wanapokadiria wenzao wanaamini nini. Mwaka 2003 Perkins na Berkowitz, pamoja na Patricia Fabiano, walichapisha utafiti uliofanyika katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington. Wanaume waliohojiwa walithamini ridhaa ya mwanamke kuliko walivyodhani wenzao wanaithamini. Kila mmoja alijiona mpole katikati ya mbwamwitu, na hakujua kwamba jirani yake anajiona vivyo hivyo.

Matokeo hayo ni ya mbali, lakini utaratibu unaoyazaa si mgeni Garissa. Tuchukue kikao cha alasiri. Miraa imefika kutoka Meru, chai imeletwa, simu moja inazunguka. Anayeishika hutoa neno juu ya mwanamke aliye kwenye skrini, kisha neno lilelile hupelekwa kwa msichana anayepita, au kwa binti wa darasani. Mmoja hucheka kwa sauti. Wengine wanacheka kwa sababu amecheka. Asiyecheka huulizwa kama yeye ni mwanamume. (Miraa yenyewe haina hatia katika hoja hii, kinachohusika ni saa nyingi zinazokaliwa pamoja.) Kila mmoja anaondoka akiwa ameuhesabu ule mcheko kuwa imani ya wote. Wahenga walisema wengi wape, lakini katika kikao cha namna hii wengi hawapo. Wapo wachache wenye sauti, na kimya cha waliobaki kimehesabiwa kuwa kura yao.

Picha ina kazi gani hapo? Inatoa ushahidi. Msimulizi wa zamani aliyejigamba kikaoni angeweza kuambiwa anatia chumvi. Filamu humpa kitu cha kuonyesha: tazama, wanawake ndivyo walivyo. Kijana ambaye hajawahi kuzungumza na mwanamke asiyekuwa mama, dada au shangazi hana cha kupimia uongo huo. Mtu aliyeonja asali ya kweli hatambui asali ndani ya maji ya sukari, ila ambaye hajaionja ataapa kuwa ndiyo.

Hapa ndipo kimya cha nyumbani kinapoingia. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mafunzo ya unyumba yaliwekewa mahali na wakati: kungwi, somo, jando, unyago. Katika fasihi andishi ya Kiswahili, Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni wasia wa mama kwa bintiye juu ya kuishi na mume. Inafaa kuuliza kwa nini wasia uliopewa nafasi kubwa kiasi hicho madarasani ni wa kumfundisha binti kumridhisha mume, na kijana wa kiume anafundishwa na nani kuishi na mke. Katika mji ambamo baba haoni vyema kulitaja jambo hilo mbele ya mwanawe, swali hilo hujibiwa na yule mwenye simu.

Lugha ya Kula, Lugha Isiyo na Mama

Maneno ya kikao yana sarufi yake. Kiswahili sanifu kina kauli ya kutendana: watu hupendana, huoana, hujamiiana. Kiambishi -an- kinawatia wote wawili katika tendo. Misimu ya ngono ya vijana wa Kenya huelekea kwingine. Vitenzi vinavyosikika sana ni vya kula, kugonga, kudunga, na husikika zaidi katika kutenda na kutendwa: yeye alimla, yule aliliwa. Mwanamume ni kiima, mwanamke ni yambwa. Katikati ya miaka ya 2010 Wakenya walicheka sana na kundi la mzaha la "Timu Mafisi", wanaume waliojiita fisi wenye njaa ya wanawake, na kabla ya hapo na "chipsi funga", msichana anayechukuliwa kutoka kilabuni kwenda kuliwa nyumbani kama viazi vilivyofungwa karatasi. Mzaha huo ulikuwa na ubunifu, nani abishe? Lakini chipsi hazina la kusema zinapofungwa. Sitiari inayomgeuza mtu kuwa mlo imeondoa swali la ridhaa kabla halijaulizwa, na "pilau" la kwenye skrini linakaa kwenye meza hiyohiyo.

Garissa ina sura yake ya pekee katika jambo hili. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walipima msisimko wa ngozi kwa Waturuki wanaojua Kiingereza, wakakuta kwamba maneno ya mwiko, na hasa maneno ya kukaripiwa utotoni, yaliugusa mwili zaidi katika lugha ya kwanza kuliko katika ya pili. Lugha ya mama huchoma. Lugha ya pili hupooza. Vijana wa Kisomali mjini Garissa huchanganya Kisomali, Kiswahili, Sheng na Kiingereza katika sentensi moja bila shida. Kwa mantiki ya Harris, neno la kumdhalilisha mwanamke likitamkwa kwa Kisomali humwita mama, bibi, na lile neno "ceeb" alilokaripiwa nalo tangu utotoni. Likitamkwa kwa Sheng halimwiti mtu. Kiswahili kinakuwa kichaka cha kujificha.

Wapenzi wa Kiswahili hawatafurahia kusikia hivyo. Wamezoea kukitaja kama lugha ya umoja, ya utu, ya tenzi. Ukweli ni kwamba kwa baadhi ya wasemaji wake kimekuwa lugha isiyo na mama, na kinasemwa vichafu kwa sababu hiyo. Jambo hili lina kinaya, kwani msamiati wa haya wa lugha hizi mbili ulichotwa kisima kimoja. "Ceeb" ya Kisomali na "aibu" ya Kiswahili ni neno moja la Kiarabu. "Xushmad" na "heshima" vilevile. Anayeikimbia aibu kwa kuhama lugha anaikuta imetangulia.

Kikao cha Wazee

Lingekuwa kosa kuwatwika vijana mzigo wote. Nao wana wa kuwaiga. Mwezi Aprili 2006, Bunge la Kenya lilipojadili mswada wa makosa ya ngono ulioletwa na Njoki Ndung'u, mbunge mmoja wa kiume alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema la akiwa na maana ya ndiyo. Wabunge wa kike walitoka nje. Mswada ulipita mwaka huohuo na kuwa sheria, ingawa fasili yake ya ubakaji haiwahusu waliooana kihalali. Dai la mbunge yule ndilo dai kuu la filamu za ngono, na alilisema mchana, mbele ya wenzake.

Kaskazini Mashariki kuna kikao kingine chenye uzito, nacho ni maslaha: wazee wa koo mbili hukutana na kumaliza shauri kwa fidia. Utaratibu huu umezima vita vingi vya malisho na visima, na haufai kudharauliwa. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha viongozi wa wilaya za eneo hilo, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Hesabu hiyo ilikusudiwa kuleta amani, na kijana aliyeisikia amejifunza pia hesabu nyingine. Shauri la ubakaji likipelekwa kwenye maslaha, wanaozungumza ni wanaume wa pande mbili, wanaopokea ni ukoo, na aliyetendewa hayumo kikaoni. Sheria ya 2006 ilijaribu kuziba mwanya huo kwa kusema kwamba uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la ngono si wa polisi bali wa Mwanasheria Mkuu, lakini kesi isiyofika kituoni haisitishwi na yeyote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 13 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kila kikao kilichomalizika kwa ngamia bila mkosaji kutajwa kimewaachia vijana funzo ambalo filamu isingeweza kulitoa peke yake: kwamba hakuna kitakachompata.

Picha Ikirudi Barabarani

Zamani kikao kilitazama picha. Sasa kikao kinaitengeneza. Mwezi Novemba 2014 jijini Nairobi mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kituoni kwa madai ya mavazi yake, na video ikasambaa. Wanawake waliandamana tarehe 17 mwezi huo. Machi 2022, katika barabara ya Profesa Wangari Maathai, waendeshaji bodaboda walimdhalilisha mwanamke dereva, na tukio likajulikana kwa video. Katika visa vyote viwili kulikuwa na walioshika mwanamke na walioshika simu, na si rahisi kusema nani alikuwa mtazamaji. Garissa, mahali ambapo sifa ya binti ni sifa ya ukoo, video ya sekunde chache haihitaji hata kuwa ya ngono kumwondoa msichana shuleni. Inatosha aonekane bila mtandio akizungumza na mvulana. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ila msichana atakayekwenda kushtaki lazima kwanza aionyeshe picha ile kituoni.

Kuzima tovuti na kukemea kwenye mimbari kuna nafasi yake, lakini kikao hubaki. Njia ya Perkins na Berkowitz ni nyepesi na haijali dini wala kabila: kila kijana aulizwe kwa siri anaamini nini juu ya ridhaa, kisha kundi lisomewe majibu yake lenyewe. Kazi hiyo inahitaji hojaji yenye maneno yanayoeleweka barabarani, na hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Neno "ridhaa" tayari lina makazi katika nikaha. Wapo wanaokumbusha kwamba katika mafunzo ya Kiislamu kimya cha mwali huhesabiwa idhini yake. Kimya hicho ni cha mwali anayeona haya, anayeulizwa na walii wake juu ya ndoa yenye mahari na mashahidi. Kukihamishia kichochoroni ni kuliiba neno.

Kisomali kinalo neno lake, "raalli", linalotoka katika shina lilelile lililotupa "radhi" na "ridhaa". Kijana anayemkanyaga mzee mguu kwenye msongamano wa Soko Mugdi humwambia "raalli ahow", yaani uwe radhi, naye husubiri ajibiwe ndipo apite.